Kapitula, Gari ya Mutu Asiyetoka

Mimi niliyeua gari za watu miaka yote ya vita, siku moja nilinunua maiti nikifikiri inajifanya. Njo hapa ninaanzia, vijana wa garaje, kwa sababu najua hadisi ya ile gari nyekundu mungali munaisimulia mukikunywa chai, na kila mumoja anaitia chumvi yake. Afazali leo chumvi iwe yangu.

Mutoto wa patro wetu wa zamani, mwenye anashika garaje sasa, aliniomba niandike mambo ya kazi mbele nisahau, ili mafundi wapya wasome. Nafikiri alitumaini nitaandika juu ya kubadilisha mafuta ya motere. Badilisheni mafuta ya motere. Sasa tuendelee.

Nilikuwa fundi wa gari kwa sababu ya uvivu wa miguu. Nilimaliza shule ya sekondari, nikapata diplome ya ualimu, lakini shule waliyonipa ilikuwa ngambo ya vilima, njia ya kutembea toka asubuhi mpaka jua la katikati. Garaje ya Papa Kasereka ilikuwa ngambo ya barabara. Papa Kasereka, yule patro, alikuwa mufanyabiashara wa kutoka Butembo, mutu wa rozari mufukoni na kalamu sikioni. Malori yake ya Fuso yaliteremusha maharagi na viazi vya Masisi, yalipandisha chumvi na sabuni, na njia ikikubali yaliingia mpaka Walikale kuleta mafuta ya mawese. Garaje yake pale Mushaki ilikuwa mabati juu ya nguzo za mikaratusi, basi. Nilivuka barabara, nikaomba kazi, nikavuka tena kwenda kula. Toka siku ile sikupata kuvuka kitu kingine kwa furaha.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Buuma, Muhunde wa hapo hapo Masisi, muzee wa kanisa, mukulima wa kilima cha baba yake asubuhi na fundi saa zingine. Siku ya kwanza alinipeleka mbele ya gari moja ya jipu iliyokuwa inanguruma vizuri kabisa, akanipa ufunguo wa kufungulia nati, akasema:

"Iue."

Nikafikiri ananijaribu. "Iko na ugonjwa gani, Papa?"

"Ugonjwa wake njo huu: inatembea. Wale wa bunduki wakiikuta inatembea, haitalala hapa leo. Iue, lakini uiue kusudi ifufuke mbele ya uji kupoa."

Hivyo njo nilijifunza kazi kinyume. Nyinyi munaanza kwa kutengeneza. Sisi tulianza kwa kuharibu, na kuharibu kwetu kulikuwa na masharti. Usikate waya, kwa sababu waya ingine haitapatikana. Usiache alama mupya ya ufunguo kwenye kutu, kwa sababu kati ya wale askari hakukosi mumoja aliyekuwa fundi mbele ya kubeba bunduki. Kwa lori ya mazutu, ile dizeli, tulitoa kijibomba kinachopeleka mazutu kwenye pompe. Kwa gari ya esansi, ile petroli, tulitoa delko, kile kikombe cheusi chenye mikia ya waya, kinachogawa moto ndani ya motere. Hakuna delko, hakuna moto. Unazungusha ufunguo, motere inalia nya-nya-nya kama mutoto aliyenyimwa ziwa, na mambo yanaishia pale. Kisha unapaka gari matope kidogo kwenye vioo, unatoa upepo mupira mumoja, na unangoja wageni.

Walipofika, Papa Buuma alivua kofia. Sijaona mutu mwingine anayevua kofia vile. Aliishika kwenye kifua, anaangalia gari, anaangalia chini.

"Muzee, gari hii inatembea?"

"Chef wangu, hii ilituacha zamani."

Walijaribu, nya-nya-nya, wakapiga mupira teke, wakaenda kutafuta kuku. Baadaye walikuja wengine, wa kundi lingine, kofia ikavuliwa tena. Makundi yalibadilisha majina, kofia ilibaki ile ile.

Na piyese za gari tulizozitoa? Zote zililala kwangu. Papa Buuma alisema hakuna mahali pazuri pa kuficha kitu kama kwa mutu asiyetoka nyumbani, na alisema hivyo kama mutu anayenisifu. Bibi yangu wa ndoa, Mama Furaha, alipika miaka yote kati ya viungo vya gari za watu: delko ndani ya chungu cha unga, kijibomba kwenye gunia la maharagi, kingine chini ya kuku anayelalia mayai, kwa sababu askari hapendi kubishana na kuku wa mayai. Patro hakujua vitu vyake viko wapi. Mimi nyakati zingine nilisahau. Mama Furaha hakusahau hata kimoja.

Mama Furaha ni binti wa Walikale, kule ndani ya pori. Alikuja Mushaki mbele ya vita kumusaidia dada yake aliyezaa, mimi nikamuona ngambo ya lupango, ule ua wa nyumba yetu, yaani sikutoka hata kwa kutafuta bibi. Toka tulipooana hakurudi kwao. Kwanza vita ilifunga njia. Kisha mimi nilifunga njia. Kila mara vita ilipopumzika kidogo, alisema:

"Papa Furaha, twende tusalimie mama."

"Na gari iko wapi?"

"Fuso za patro ziko."

"Bibi ya fundi apande juu ya magunia kama mbuzi? Batu watasema nini?"

Nilisema vile kwa uso wa mutu anayelinda heshima ya familia. Ukweli ni kwamba nikilala mahali ambapo sisikii mbuzi zangu zikikohoa, ninapata homa.

Basi yeye akanunua ndama. Aliinunua kwa maharagi aliyolima mwenyewe, akaiweka kwa muchungaji kule Kirolirwe, kwenye majani mazuri. Ndama ikakua, ikawa mutamba. Ile mutamba njo ilikuwa safari yake ya Walikale, inatembea na miguu mine: siku moja itauzwa, naye ataenda kwa mama yake na vikwembe vizuri vya kuvaa, na chumvi, na uso wa mutu aliyeolewa vizuri.

Njo wakati ule kijana mumoja, Dede, alirudi toka kwenye biashara ya mawe ya madini, amevaa viatu vyenye ncha. Alikuwa amenunua Goma gari ndogo nyekundu ya Ulaya, ya milango mitatu, ile ambayo vijana wa kule wanashindanisha mbio mujini kisha mama zao wanalia. Nyuma haikuwa na matako, ilikatwa wima kama mukate. Watu wa Mushaki waliiangalia mara moja wakaipa jina: Kapitula, ile suruali fupi. Viti vyake vilikuwa na mabega ya kukumbatia mutu. Eshapema yake, bomba la moshi, ilikuwa na matundu mawili kama pua ya nyati. Kompta ya kilometa ilikuwa imechoka kuhesabu, ikasimama. Namna gani gari hiyo ilipanda toka Sake, mimi sijui; nafikiri ilisukumwa na watu. Ikafia mbele ya garaje yetu.

"Kaka, haiyakufa," Dede aliniambia. "Nilitoa delko tu, juu ya usalama. Iko Goma kwa shangazi yangu. Weye ni fundi, unajuaga haya mambo."

Ndiyo, nilijua! Njo ubaya wenyewe. Ilikuwa uongo wangu mimi, ulizunguka nchi, ukanirudilia umevaa viatu vyenye ncha, na sikuutambua.

Papa Buuma alipita na jembe lake begani. "Zungusha motere na mukono mbele ya kutoa kitu," alisema. "Ikikugongea, kimbia."

Sikuzungusha. Nilikuwa nimekwisha kuketi ndani ya kiti, na kiti kilikuwa kimekwisha kunikumbatia. Nilitoa mutamba ya Mama Furaha. Niandike tena, isionekane kama ni mutu mwingine: bila kumuuliza, nilitoa mutamba ya bibi yangu, nikapokea ufunguo. Kisha nikamuita aje kuona.

"Hii njo gari ya wikendi," nilimuambia. Neno hilo nililisoma katika kipande cha gazeti kilichofunga sabuni. Mushaki hatuna wikendi. Siku ya sita ni salongo, kijiji chote kinashika majembe kuziba mashimo ya barabara. Siku ya Mungu ni misa. Na ng'ombe wa maziwa hakuuliza hata siku moja leo ni siku gani. "Kila wikendi tutatembea. Tutaanza na kwenu, Walikale."

Mama Furaha aliinama, akajaribu kupitisha mukono chini ya gari. Akasimama, akaangalia barabara.

"Hii itafika Walikale? Tumbo yake inagusa chini tayari."

"Nitaiinua."

"Ng'ombe yangu ilikuwa na miguu mirefu," alisema, akarudi jikoni.

Nilijaribisha delko ya gari ingine, nikazungusha ufunguo. Haikulia nya-nya-nya. Iligonga: ko, ko, ko, kama mutu anayeomba afunguliwe sanduku la maiti. Papa Buuma alikuja, akasikiliza, akavua kofia yake. Safari hii aliivua kweli.

Tulifungua. Kurua, ule mukanda wa meno unaounganisha chini na juu ya motere, ulikuwa umekatika gari ikiwa mbioni. Supape, zile misumari mikubwa zinazofungua na kufunga pumzi ya motere, zote zilipinda kama misumari iliyopigwa na mwalimu wa shule. Mufano huo ninaujua, nimewahi kupiga misumari.

Hapa, vijana, wekeni chai chini, kwa sababu ni sehemu moja tu yenye faida. Supape zingine tulizipata kwa taksi iliyooza kule Sake. Zilikuwa ndefu kidogo, tukapunguza mikia yake na jiwe la kunolea: kidogo, pima, kidogo, pima. Kisha kila moja tukaikalisha mahali pake na pomada yenye muchanga, unazungusha kijiti kati ya viganja kama babu zetu walivyotafuta moto. Mwanzo inalia kwa hasira. Unaendelea. Sauti inalainika. Papa Buuma alifunga macho: "Bado. Inakohoa bado. Bado. Sasa inanong'ona, acha." Ukimaliza, unamwanga mafuta ya taa juu ya supape zilizofungwa, unaenda kula. Ukirudi na mafuta yangali pale, kazi ni nzuri. Ukikuta yamepita, unaanza tena na usilaumu mutu. Mimi nilianza tena hata Mama Furaha akauliza, toka ngambo ya barabara, kama ni gari tunatengeneza ao tunasaga mutama.

Kurua, Fuso ya patro ilituletea toka Goma moja fupi, kisha moja ya mashini ya unga, mwishowe ile yenyewe. Pamoja nayo ilikuja delko, na ilikuwa kweli kwa shangazi. Dede alikuwa mwongo mwenye kufanya kazi safi. Papa Buuma aliweka alama za motere na chaki. Chaki ilikuwa yangu, ya wakati wa ualimu, na siku ile njo ilifundisha kitu mara ya kwanza.

Kwa kuinua gari tulitia resori, zile springi, za pikapu, na juu ya resori fundi wa chukudu wa Muheto alituchongea vipande vya muti mugumu, ule ule wa chukudu zake, zile baiskeli za muti za kusukuma na muguu, za kubebea viazi. Alizunguka Kapitula akiipapasa.

"Fereno yake iko wapi?"

Nikamuonyesha breki ndani ya gurudumu.

"Iko mbali sana na muguu," alisema. "Mimi ninafungaga kipande ya mupira nyuma, ninakanyaga. Biashara inaisha."

Tulipotoa jeki, Kapitula ilisimama kama mama anayevuka muto akiinua kikwembe.

Siku ya Mungu iliyofwata niliiwasha mbele ya kanisa, misa ikitoka, kusudi watu waone. Nilikuwa nimepanga moto vibaya kidogo. Esansi ikawakia ndani ya eshapema. Paa! Kisha tena, paa-paa!

Nyinyi hamukuishi miaka ile, hamujui namna parokia nzima inalala chini bila kuambiwa. Mama walilala juu ya watoto. Katekista alikuwa ndani ya mufereji mbele ya mulio wa pili. Na kule chini kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabara, wale waliotuambia kila asubuhi kwamba wanakula vyetu kwa sababu wanatulinda, walikuwa wa kwanza kufika kwenye migomba. Waliacha kamba ya bariyeri chini na sufuria ya maharagi motoni. Mutu mumoja wa chukudu alipita pale na muzigo wake bila kutoa kitu kwa mutu, anaangalia kushoto na kuume, mwenye furaha kama bwana arusi.

Mama Riziki, jirani yetu anayeuza fromaji, ile jibini, na viazi vya kuchoma kando ya barabara, njo alisimama wa kwanza. Alijikung'uta vumbi, akanikuta ndani ya kiti changu.

"Papa Furaha, vita ile haitoshe? Unatuongezea ya kwako?"

Kesho yake komanda wa bariyeri alikuja mwenyewe kuangalia kitu kilichofukuza watu wake. Kwa kiburi sikuwa nimeiua. Aliketi ndani, kiti kikamukumbatia, yeye na bastola na redio yake, akaondoka nayo kuteremuka upande wa Sake. Nilibaki katikati ya barabara nikiwaza namna ya kumuambia Mama Furaha kwamba ng'ombe yake imekuwa ya serikali, ao ya wale wasiopenda serikali; wiki ile sikuwa na hakika.

Haikufika mbali. Kuna jiwe katikati ya njia ile, jiwe ambalo kila salongo tunasema tutaliondoa. Lori zinapita juu yake bila kulijua. Kapitula, hata na miti ya chukudu, ililala pale na tumbo, magurudumu yanazunguka hewani kama miguu ya kobe aliyepinduliwa. Askari waliisukuma mpaka kwangu, kupanda mulima, komanda nyuma yao kwa miguu.

"Chukua takataka yako. Nani alikuuzisha kitu hii?"

"Dede, chef."

"Yule si rafiki yako," komanda alisema, na mpaka leo njo neno pekee la haki nililosikia kwa mutu wa bunduki.

Papa Buuma alininong'oneza: "Sema asante."

Nikasema asante.

Toka siku ile Kapitula ilikuwa gari pekee pale Mushaki ambayo hakuna mutu aliyeitaka, kwa hiyo ilikuwa gari pekee yenye uhuru. Jipu na pikapu za wakubwa zililala maiti chini ya mabati, na mimi nilipita kati yao, toka nyumbani mpaka kanisa na kurudi, safari ambayo mbuzi anaifanya bila kuacha kutafuna. Siku ya sita, wengine wakiwa na majembe, mimi nilisugua vioo nikipiga kelele kwamba ninakuja.

Mama Furaha aliketi pembeni yangu kila siku ya Mungu, na kifurushi magotini. Ndani kulikuwa kikwembe kipya na chumvi, vya mama yake. Tulipofika kanisa hakukifungua. Tulipotoka, nilipinda kushoto, nyumbani. Kuume njo njia ya Masisi-centre na Walikale. Alikaza tu fundo la kifurushi.

Kisha vita ikapumzika kidogo, na shofere wa Fuso akaleta neno.

"Mama Furaha, mama yako macho inamuishia. Anasema sura yako ataiona bado, kama unamukaribia sana. Lakini usikawie."

Mama Furaha aligeuka kwangu. "Njia iko wazi. Gari iko. Tunaenda kesho."

"Tunaenda kesho," nilisema, na nilisema kwa sauti nzuri.

Mangaribi nilienda kukagua Kapitula kama fundi anavyokagua gari mbele ya safari. Maji, mafuta, fereno, yote sawa. Haikuwahi kuwa nzima vile, na afya yake ilinitia hofu kuliko ugonjwa wowote. Niliwaza matope ya pori, bariyeri kwa bariyeri, na kulala katika nyumba ya watu wanaonijua jina tu. Mbuzi mumoja alikohoa. Mikono yangu ilifanya kazi iliyofundishwa: ilitoa delko bila kuacha alama, ikaifunga ndani ya kitambaa, ikaiweka chini ya kuku.

Asubuhi nilizungusha ufunguo mbele ya bibi yangu na kifurushi chake. Nya-nya-nya. Tena: nya-nya-nya. Nilishuka, nikafungua kifuniko, nikaangalia ndani muda wa kutosha. Kisha nikavua kofia.

"Mama Furaha," nilisema, "imetuacha."

Hakuangalia gari. Aliangalia kofia. Miaka yote ile, toka mulango wa jiko, alikuwa ameona kofia ya Papa Buuma ikivuliwa kwa kila kundi lililopita, na kila mara yeye alijua uhai wa gari uko katika chungu gani. Mimi sikuweza kutambua maiti ya kweli. Yeye alitambua ya kujifanya toka ngambo ya lupango.

"Pole na kilio, bwana wangu," alisema.

Aliingia ndani kidogo, akatoka, akavuka barabara. Fuso ya patro ilikuwa inanguruma. Alipanda juu ya magunia ya chumvi, bibi ya fundi, mbele ya watu wote, akafunga kitambaa kichwani, na heshima ya familia haikuanguka hata kidogo.

Lori ilipopotea nilienda kwa kuku. Alinidona. Chini yake kulikuwa mayai tu.

"Usimusumbue," Mama Riziki alisema toka kwenye viazi vyake. Alikuwa ananiangalia toka mwanzo. "Bibi yako aliniachia neno. Anasema roho ya gari imeenda kusalimia mama mukwe. Mwenye kuitaka, njia iko wazi."

Siku ya Mungu nilienda kanisa kwa miguu. Watu walinipisha kama mufiwa. Nilituma kuuliza shangazi ya Dede. Hakuwa na delko ingine, alikuwa na salamu. Fuso ilirudi bila Mama Furaha. "Anakusalimia," shofere alisema. "Anasema kwao haiko haraka." Patro alikuja kutaka kijibomba cha lori yake. Nilitafuta ndani ya unga, nikatafuta ndani ya maharagi, nikatoka mweupe kama malaika na mikono mitupu.

"Bibi yako anarudia siku gani?" patro aliuliza. "Kumbe yeye njo garaje. Weye ni mulango tu."

Kijibomba kilikuwa ndani ya kiatu changu cha arusi. Nilipokipata, nilikaa nacho mukononi ndani ya nyumba isiyo na moto jikoni. Mbuzi zilikohoa, na safari hii zilinikasirisha. Fuso iliyofwata, nilipanda.

Safari siwezi kuieleza vizuri kwa sababu sehemu kubwa nilifunga macho. Baada ya Masisi-centre pori linaanza, na matope yake hayana chini. Lori iliingia mpaka tumboni, tukashuka wote kuchimba, tukapanda, tukashuka. Kwenye kila bariyeri walitutapisha mifuko. Homa ilinijia kama nilivyokuwa nimesema, lakini mule juu hakuna mutu aliyependezwa nayo. Mama mumoja mwenye bata wawili aliniangalia muda mrefu.

"Papa, njo mara yako ya kwanza? Unashika gunia kama unataka kuioa."

Nilikuta Mama Furaha kwenye mulango wa nyumba ya mama yake, anapepeta muchele. Hakusimama.

"Umefika."

"Nimefika."

Mama mukwe alikuwa ameketi pale kwenye jua, mudogo, mukavu. Alishika uso wangu na mikono miwili, akauvuta karibu na jicho lililobaki mpaka pua zetu zikagusana.

"Njo huyu?" alimuuliza binti yake. "Nilizani ni murefu."

Kisha akaingiza mukono ndani ya kikwembe, akatoa delko yangu. Mikia yake ya waya ilikuwa imefungwa vizuri na uzi mwekundu.

"Bibi yako aliniletea hii. Alisema ni roho ya gari yako, uliitanguliza kusudi nijue weye uko nyuma yake. Ninalalaga nayo. Ulikawia, mukwe wangu, lakini ulituma kitu ya maana. Bengine wanatumaka sabuni."

Nilimuangalia Mama Furaha. Alikuwa anapepeta.

Nilikuwa nimetapishwa mifuko mpaka Walikale, na kitu changu kilikuwa pale, karibu na mukono. Nilifungua kinywa.

"Ikae kwako, mama," nilisema.

Musinisifu. Wanawake wawili walikuwa wananiangalia, na mumoja alikuwa na ungo mukononi.

Kila asubuhi Mama Furaha aliketi mbele ya mama yake pale mulangoni, mwanga unaingia, na yule muzee alipitisha jicho na vidole juu ya sura yake, polepole, kama mutu anayejifunza kusoma. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba na mbuzi za watu. Zilikohoa vizuri tu. Tulirudi kule tena mbele macho yafunge, na tena baadaye, kila mara juu ya Fuso. Tulipomuzika, delko ililala chini ya kichwa chake. Mimi njo niliiweka.

Kapitula haikuamuka tena. Fundi wa chukudu alirudisha miti yake, mipira yake ikakatwa kuwa fereno za chukudu, na kuku wa mayai walichukua ndani. Kiti kimoja ninacho. Ninaandika nimeketi ndani yake, na kingali kinakumbatia, ingawa sasa kutoka ndani yake kunahitaji watu wawili. Kama munataka somo la kazi, chukueni hili: zungusheni motere na mukono mbele ya kutoa ng'ombe.

Lakini siku ile ya kwanza ya kurudi, tulishuka kwenye Fuso pale Mushaki wenye matope mpaka masikioni. Mama Riziki alikuwa anageuza viazi vyake. Mbele hata ya kumusalimia nilianza kujisifu: nilifika Walikale, nilichimba lori, nilisalimia mama mukwe, akanishika uso, akanibariki.

Aliniacha nimalize.

"Na delko?"

"Nimeiacha kwa mama mukwe," nilisema, na nikanyoosha mugongo. "Kwa mapenzi yangu."

Mama Riziki aliangalia Mama Furaha, Mama Furaha akaangalia viazi. Kisha jirani yangu alinitia kimoja cha moto mukononi, akasema:

"Usitudanganye, Papa Furaha. Ulifwata delko. Mama mukwe ulimukuta tu kule."